Tulipopanda Lushoto

Mwezi Juni mwaka 2023 tulifunga safari, sisi akina mama wanne wa kanisa, kutoka Tanga mjini kwenda Lushoto. Wawili kati yetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu, na wa nne ni mama wa nyumbani mwenye kipaji cha kuwafariji wagonjwa. Tulikwenda kuwatembelea wenzetu wa milimani tunaoshirikiana nao katika huduma ya wagonjwa majumbani. Tulidhani tunakwenda kufundisha. Tulirudi tumefundishwa, na ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia.

Njia ya kupanda

Basi hupita Muheza, ambako tulinunua machungwa, kisha Korogwe na mashamba yake ya mkonge, mpaka Mombo. Mombo ni joto kama nyumbani kwetu pwani. Hapo ndipo njia ya Lushoto inapoiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini ni kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwenzetu mmoja alifumba macho kutoka Mombo hadi Soni, akayafumbua aliposikia wachuuzi wakigonga dirisha na ndoo za matunda.

Karibu nasi aliketi mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Kila basi lilipokata kona, ndani ya mkoba wake kitu kililia, cha, cha, cha, kama kayamba. Akaweka mkono juu ya mkoba. Sisi wauguzi sauti ile tunaijua: ni vidonge ndani ya chupa ya plastiki. Tukageuza nyuso, tukatazama maporomoko ya maji ya Soni, ili asijione anatazamwa.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Juni baridi yake si ya mchezo. Sisi na kanga zetu tulitetemeka hata wenyeji wakatuazima masweta, wakatupa chai ya moto na viazi vya kuchemsha.

Nchi ya matuta

Asubuhi ya pili wenyeji walitupeleka Irente. Kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalojulikana kwa mkate, jamu na jibini, na hapo jirani kuna kituo cha kulelea watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Ukitembea mbele kidogo unafika ukingoni mwa mlima, na chini kabisa unaiona Mazinde na tambarare iliyokauka, nyumba zikiwa ndogo kama viberiti.

Tuliporudi mjini tulikuta gulio limechangamka: kabichi, karoti, njegere, viazi, peasi. Mboga hizi hupakiwa katika malori usiku na kuamkia masoko ya Dar es Salaam. Zinalimwa kwenye miteremko mikali ajabu, na bila matuta udongo wote ungekuwa Mombo. Bibi mmoja alituonyesha shamba lake akasema, "Tuta moja likivunjika, wanangu, mvua haikuulizi ulijenga mangapi." Neno hili tutalirudia.

Jioni, tukiota moto, mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, sisi wa huduma ya majumbani tulikuwa na uji, sabuni, nyimbo na machozi. Mwaka 2004 serikali ikaanza mpango wa kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Mwanzoni ilikuwa lazima kinga ya mwili ishuke kwanza ndipo uanzishiwe. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa, na kuanzia mwaka 2019 wagonjwa wengi wamehamia kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. "Sasa hatuchimbi makaburi ya vijana kama zamani," mzee alisema. "Lakini kuna wanaokufa na dawa ziko nyumbani."

Karatasi darini

Siku ya tatu tulipita msitu wa Magamba, ukungu umetanda hata mchana, tukashika njia ya Mtae. Katika kijiji kimoja tulimtembelea mama wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto wa miezi mitatu. Habari zake tunazisimulia kwa ruhusa yake, bila jina wala kijiji.

Alikutwa na virusi kliniki ya wajawazito. Mumewe, anayefanya biashara ya mboga Dar es Salaam, alipima naye akaanza dawa huko huko. Wao wawili walikuwa wameelewana. Aliyefichwa ni mama mkwe, ambaye mama huyu anaishi naye nyumba moja. Mtoto alipimwa akiwa na wiki sita, akakutwa salama. Lakini sasa mama mwenyewe alikuwa amekonda, na tarehe yake ya kliniki ilikuwa imepita.

Tulipobaki naye peke yetu jikoni, mwenzetu mmoja akamwuliza kwa upole, "Dada, dawa zako unazitunza wapi?" Akanyamaza. Kisha akapanda juu ya kigoda, akaingiza mkono darini juu ya jiko, kati ya magunzi ya mahindi, akatoa furushi la karatasi ya daftari. Ndani vidonge vilikuwa vimepata madoa, vingine vimelainika na kumeguka.

"Chupa ilikuwa inalia," alisema. "Mama alikuwa chumba cha pili. Niliitupa chooni."

Wapenzi wasomaji, tusimcheke. Ni wangapi kati yetu tumejaza pamba ndani ya chupa, au tumefunga vidonge kwenye pindo la kanga, ili mtu asisikie? Lakini Usambara ni nchi ya ukungu, na dari la jiko lina moshi, joto na unyevu kwa zamu. Kidonge kimetengenezwa kukaa katika chupa yake, kifuniko kimefungwa, pamoja na kile kifuko kidogo kinachonyonya unyevu. Kikilowa na kuharibika, huna hakika tena unameza nini.

Tukauliza zaidi. Unakimeza saa ngapi? "Mama akishalala." Siku nyingine saa tatu usiku, siku nyingine saa sita, siku nyingine usingizi humshinda. Kuna dawa nyingine unayotumia? Akatoa vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, vyenye magnesiamu, alivyovizoea tangu ujauzito. Alivitafuna kila usiku, pamoja na dozi yake, "visinichome tumbo."

Hapo tukatazamana. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegraviri tumboni, isiingie vizuri katika damu. Mama huyu alijitahidi kumeza, kumbe hata kidonge kizima alichokimeza hakikupata nafasi ya kufanya kazi. Na mtoto alikuwa ananyonya.

Tuta likivunjika

Hatukumkemea. Tulimkumbusha neno la yule bibi wa matuta. Dawa hizi haziviondoi virusi vyote mwilini, huvizuia visizaliane. Dawa ikipungua katika damu leo, kesho na keshokutwa, virusi huamka na kuongezeka, na vingine huweza kuzoea dawa hata isivishinde tena. Usugu huo ukija, itabidi kutafuta dawa nyingine, na njia hubaki chache. Kwa mama anayenyonyesha hatari ni mara mbili, kwa sababu virusi vikiongezeka katika mwili wake, vinaongezeka pia katika maziwa.

Akauliza kama amwachishe mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Tukamwambia asiamue hilo jikoni, bali kliniki, na aende kesho yake. Alipokwenda, tulimsindikiza. Walimpa chupa mpya, wakampima wingi wa virusi, na wakamwandikia mtoto dawa ya kumkinga akiendelea kunyonya. Majibu yake yalipokuja yalionyesha virusi zaidi ya 1,000 katika kila mililita ya damu. Kwa kawaida, jibu kama hilo hufuatwa na miezi kama mitatu ya ushauri wa karibu, kisha kipimo hurudiwa kabla ya kuamua kubadili dawa. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mama mkwe

Jambo gumu zaidi halikuwa la hospitali. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa. Hakuna aliye na ruhusa ya kumsemea, hata sisi wa kanisa. Tulimweleza hivyo. Tulimwambia pia kwamba mwenye kumeza kwa kujificha huchoka mapema. Akakaa kimya siku nzima. Jioni akatuomba tuketi naye, naye akasema mwenyewe, akilia, mbele ya mama mkwe wake.

Mama yule aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Mwanangu, hako kakayamba nilikasikia tangu mahindi hayajavunwa. Nilikuwa nangoja uniambie. Kilipoacha kulia ndipo nilipoogopa."

Tangu usiku ule kidonge kilipata saa yake: saa mbili, redio inapoanza kusoma taarifa ya habari. Mama mkwe hasemi kitu. Huweka kikombe cha maji mezani.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Kwa faida ya wasomaji wetu, na kwa kila mwenye ndugu au jirani anayetumia dawa hizi, tunayaandika haya kwa ufupi.

1. Chagua saa moja inayofuatana na jambo la kila siku: redio, chakula cha jioni, au kumlaza mtoto. Kidonge hiki cha sasa waweza kukimeza ukiwa umekula au hujala.

2. Ukisahau, meza mara ukumbukapo, isipokuwa saa ya kidonge kinachofuata imekaribia sana. Usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

3. Kitunze katika chupa yake, mahali pakavu, mbali na jiko, jua na mikono ya watoto. Kifuko cha ndani usikitupe. Kama sauti inakusumbua, waeleze wahudumu wa kliniki. Usihamishie dawa kwenye karatasi.

4. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu: meza kidonge chako saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vyaweza kwenda pamoja nacho ukiwa unakula chakula. Kama hujala, vitenge kwa saa hizo hizo.

5. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, hata ya mizizi. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini kwa kawaida huongezewa dozi ya dolutegraviri. Dawa kadhaa za kifafa huipunguza nguvu, na dozi ya metformini ya kisukari huhitaji kuangaliwa.

6. Wiki za mwanzo waweza kuumwa kichwa, kuhisi kichefuchefu au kukosa usingizi. Mara nyingi hupita. Lakini vipele pamoja na homa, macho ya njano, uvimbe wa uso au kuhema kwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

7. Usimgawie mtu vidonge vyako, hata mume. Naye apimwe na kupewa vyake.

8. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasiache dawa. Mtoto apewe dawa yake ya kinga na apimwe kila anapoitwa, mpaka baada ya kuacha ziwa.

9. Ukijisikia una nguvu, hiyo ni kazi ya dawa; si dalili kwamba umepona. Mtu akikuahidi chupa ya kumaliza virusi, au akikuambia imani yako haitoshi kwa sababu unameza kidonge, mwache aende zake. Sisi tunaomba kila siku, na hatujaona maombi yakigombana na dawa.

Habari tulizoletewa

Mwezi Oktoba 2023 simu ilitoka milimani: kipimo kilirudiwa, na virusi havikuonekana. Hakubadilishiwa dawa. Anayefika hapo na kudumu hapo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa, na hatari kwa mtoto anayenyonya hupungua sana, ingawa haiishi kabisa. Kwa hiyo tuliendelea kungoja. Mwezi Novemba 2024, mtoto alipokuwa ameacha ziwa, alipimwa kwa mara ya mwisho. Hana virusi.

Ujumbe ule ulitumwa na mama mkwe. Chini yake aliongeza kwamba kabichi zimestawi, na kwamba tukija tena tuje na masweta yetu wenyewe.

Akina mama wenzetu, huenda katika nyumba yako kuna kayamba linalolia usiku, na wewe unajifanya husikii. Usimlazimishe mtu kusema. Lakini weka kikombe cha maji mezani, ili ajue kwamba siku atakapokuwa tayari, hapo nyumbani pana wa kumsikiliza.