KABLA HUJANUNUA BETRI NYINGINE (Sehemu ya 3)

Nimetoka shifti ya jioni, miguu imechoka, lakini ahadi ni deni.

Kwa mliokosa mwanzo: tuna HiAce ya dizeli ya miaka ya tisini. Tuling'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda na friji ndogo ya insulini, ili mama asafiri amelala tunapompeleka kliniki Dar na kurudi Iringa. Betri ilikuwa inaisha chaji. Tulinunua mpya. Ikaisha. Tukanunua nyingine. Kila fundi aliyeiangalia alisema ni friji inayokula umeme, na kaka yangu akawa analirudia hilo mbele ya mama.

Basi, tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, giza limeshaingia, taa zikaanza kuwa njano. Waipa zikawa zinajikokota. Gari likazima. Pale huwezi kushuka ukasukuma, tembo wanavuka barabara muda wowote. Tulikaa kimya, madirisha yamefungwa, hadi dereva mmoja wa lori akasimama, akatubusti, akasema tuzime kila kitu tubaki na taa tu, tumfuate nyuma hadi Mikumi mjini.

Asubuhi akaja na mita yake. Akaniuliza, "Dada, mmewahi kupima?"

Niliona aibu. Mimi ambaye simpi mgonjwa dawa ya presha kabla ya kumfunga mashine mkononi, nilinunua betri mbili kwa kusikia tu.

Tulipima hivi, na wewe unaweza. Weka mita kwenye volti za DC.

Moja: gari limezimwa usiku kucha, gusa vichwa vya betri. Iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikiwa 12.2, imebaki nusu hivi.

Mbili: washa injini, washa na taa. Pale pale kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 15, inachajiwa kupita kiasi. Yetu ilisoma 12.3. Maana yake betri haichajiwi.

Hapo wengi wangesema alteneta imekufa. Yeye akapima kwenye alteneta yenyewe: 14.1. Nzima kabisa! Ndiyo maana taa ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka.

Tatu: injini ikiwaka, ncha moja ya mita kwenye nati ya nyuma ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri. Waya mzima unaonyesha volti ndogo sana, chini ya nusu. Wetu ulionyesha 1.7. Kuufuatilia, tukakuta kichwa cha waya kwenye fyuzi kubwa kimelegea, kimeungua, kina kutu ya kijani. Umeme ulikuwa unaishia njiani. Sawa na mgonjwa mwenye dripu iliyojaa huku kanula imeziba, halafu wewe unabadilisha chupa.

Tulikata kipande, tukafunga kichwa kipya. Betri ikasoma 14.0.

Na mkiona fundi anachomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili "kuijaribu alteneta", mzuieni. Volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi, na hapo ndipo utanunua alteneta kweli.

Sasa kilichoniuma. Nilipofungua friji ili nimwambie mama limeisha, nikaikuta ya moto. Alikuwa ameizima tangu tunatoka Dar bila kutuambia, asije akatuponza njiani. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Hii ilishinda kwenye gari lililokaa juani, vichupa vya miezi miwili. Nilivitupa vyote.

"Mlisema ni friji yangu, mwanangu," akasema. Sikuwa na jibu. Kaka naye akatoka nje.

Mita ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri. Yangu inakaa kwenye begi la kazini, pamoja na mashine ya presha. Pima kwanza, ndiyo umlaumu mtu au kitu.

Sehemu ya 4 nitawaeleza jinsi tulivyoifungia friji betri yake peke yake. Lala salama.