Si Kila Mwangwi ni Ufa

Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bila shaka waliolonga hivyo waliuona ufa huo kwa macho. Lakini ufa uliojificha ndani ya chuma utazibwaje? Na anayeutaja akikosea jina lake, nani atalipa? Swali hilo la pili nililijibu kwa aibu, nami naliandika hapa ili wenzangu katika chama hiki wapate funzo nililolipata.

Wakati wa likizo ndefu ya mwaka wa 2018 nilipata kibarua cha ukarani katika karakana moja jijini Nairobi iliyokuwa ikiunda mabomba ya mvuke ya viwandani. Miongoni mwa mafundi wa kuchomelea alikuwamo mzee mmoja aliyeheshimiwa na wote. Siku moja ililetwa mashine ya kupima viungo alivyovichomelea. Haikukata chuma wala kukitoboa, ilikisikiliza tu.

Nilistaajabu kujua kwamba kanuni yake ni ileile ya mtu anayepiga ukelele bondeni akasubiri mwangwi. Kifaa kidogo kilichopakwa jeli hugusishwa kwenye chuma, kikatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Sikio letu hukoma kwenye takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali mawimbi haya aghalabu huwa ya mamilioni. Jeli haikosi kazi: bila hiyo, uwazi mwembamba wa hewa ungeyarudisha mawimbi kabla hayajaingia. Ndani ya chuma cha pua, wimbi lisafirilo moja kwa moja hwenda kwa kasi ya takriban mita 5,900 kwa sekunde. Likikuta ufa, hurudi. Mwangwi ukichukua sehemu 10 za milioni za sekunde kwenda na kurudi, kilichourudisha kiko karibu milimita 30 chini ya uso wa chuma. Fikra ya kukagua vyuma kwa mawimbi haya si ngeni. Sergei Sokolov wa Urusi ya Kisovieti aliipendekeza mwaka wa 1928, naye Floyd Firestone wa Marekani alipewa hataza ya chombo cha mwangwi mwaka wa 1942.

Zamani mkaguzi alikisogeza kifaa kwa mkono na kuutazama mwangwi kwenye kiwambo. Mashine yetu ilikuwa na mkono wake yenyewe. Ilizunguka bomba ikihesabu kila milimita, nayo tarakilishi ikanakili kila mwangwi uliovuka kiwango kilichowekwa. Jioni ilitoa ripoti ya awali kwa Kiingereza. Msimamizi aliniamuru niitafsiri ili ibandikwe ukutani, maadamu mimi ndimi "mtu wa Kiswahili". Palikuwa na orodha ya mambo 14. Nami, bila kuuliza wala kufungua kamusi, niliandika: "Kasoro 14 zimepatikana."

Msimamizi aliisoma tafsiri yangu kwa sauti mbele ya mafundi wote. Mzee aliambiwa aende nyumbani bila malipo hadi atakapoitwa. Alizikunja glavu zake taratibu, akaondoka asimwangalie yeyote.

Baada ya wiki mbili alifika mkaguzi, mwanamke mpole wa maneno machache. Aliirudia orodha nzima kwa mkono. Kila mahali alikisogeza kifaa hadi mwangwi ulipopungua kufikia nusu ya kimo chake, akatia alama, akarudi upande wa pili akafanya vivyo hivyo, kisha akapima urefu uliokuwa katikati. Mambo 9 yalikuwa mwangwi wa umbo la kiungo chenyewe pale chini kilipoungana. Mambo 4 yalikuwa viputo vidogo vya hewa visivyozidi kiwango kinachoruhusiwa. Moja tu, lenye urefu wa milimita 6, ndilo lililokuwa dosari ya kweli: chuma hakikushikana.

"Nani aliyeandika kasoro 14?" akauliza. Niliinua mkono. Akanieleza kwamba katika taaluma yao kuna ngazi tatu. Kwanza ni dalili, yaani mwangwi wowote ulionaswa. Pili ni mkatiko, yaani mahali ambapo chuma kweli hakikuendelea. Tatu ndiyo kasoro, yaani mkatiko uliozidi kiwango na kukifanya kiungo kikataliwe. Mashine ilitaja dalili. Mimi nikatoa hukumu.

Nisieleweke vibaya kwamba mashine hizi ni za kupuuzwa. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo wa 2018, pangaboi la injini ya ndege ya shirika la Southwest lilikatika angani nchini Marekani kwa sababu ya ufa wa uchovu wa chuma, na abiria mmoja akafariki. Siku chache baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo iliamuru mapangaboi ya aina hiyo yakaguliwe kwa mawimbi haya haya. Ufa usiotajwa huua. Lakini ufa usiokuwapo, ukitajwa, nao hujeruhi.

Mzee aliitwa tena. Aliisaga sehemu ile moja, akaichomelea upya, nayo ikapita. Nilipokwenda kumwomba radhi alinitazama kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, ile moja ni yangu. Hizo 13 ni zako."

Tangu siku hiyo sijaweza kuitafsiri ripoti yoyote kwa pupa. Twasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hatusemi kwamba kila wingu ni mvua. Lugha yetu ina dalili, ishara, ufa, mwanya, ila, dosari na kasoro. Si umaskini wa msamiati ulionikosesha, bali uvivu wangu. Wapenzi wa Kiswahili, tunapodai lugha hii itumike viwandani na maabarani, tukumbuke kwamba huko neno hupimwa kwa milimita, na anayelipishwa kosa la mfasiri huenda akawa mtu aliyekwisha kuzikunja glavu zake.