Ruzuku Iliyoishia Shambani

Nimekulia Jangwani, mahali ambapo ukilipa kisogo bonde la Msimbazi na kupandisha kidogo tu umeshaingia Kariakoo. Nyumbani kwetu hakuna aliyelima, ila kila lililoamuliwa juu ya mkulima lilitufikia jikoni: kwa bei ya unga, kwa urefu wa foleni, kwa ukubwa wa fungu la nyanya. Upande wa pili nilikuwa na mjomba, kaka yake mama, mkulima wa Ilula mkoani Iringa, kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kila alipokuja mjini alifikia kwetu, na mazungumzo yake na mama baada ya chakula cha usiku ndiyo yaliyonifundisha kwamba kilo moja ya mahindi ina habari mbili, ya huko inakotoka na ya huku inakoliwa.

Katika utoto wangu habari hizo zote mbili zilipitia mkononi mwa Serikali. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, ambao uliilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, Serikali iliweka nguvu kubwa kwenye mahindi. Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo kila mtu aliliita NMC, lilinunua nafaka kwa bei moja nchi nzima. Aliyelima Sumbawanga, mbali na kila kitu, alilipwa sawa na aliyelima karibu na reli, na gharama ya lori ilibebwa na umma. Mbolea ya ruzuku ilitoka kiwandani Tanga, mbegu chotara zikasambazwa vijijini, na bwana shamba alijulikana kwa jina kila nyumba. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, na uhamisho ule hakuupenda hata siku moja. Lakini mbolea aliisifu. Alikuwa akimwambia mama kwamba kabla ya hapo shamba lile lile lilikuwa likimlisha tu, na sasa linamlisha na kumvisha.

Sehemu ya pili ya mpango ule niliiona mwenyewe. Mahindi ya kusini yalisagwa, yakawa sembe, na sembe iliuzwa mjini kwa bei ambayo Serikali iliichangia. Kwa maneno mengine, ruzuku iliyosemwa ni ya mkulima ilikuwa na mlaji wa Jangwani ndani yake. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Mimi ni mmoja wa watoto waliokua kwa unga ule. Ila mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga tangu enzi za ukoloni, vilifutwa, na mashirika ya mazao yakaachiwa kazi yote. Jengo la Ushirika lilibaki limesimama pale Mtaa wa Lumumba, lakini mkulima hakuwa tena na chama kikuu cha kumsemea. Yale mashirika yalielemewa na madeni, malipo vijijini yakawa yanachelewa, na wakulima wengi wakaanza kupitisha mahindi yao usiku kwa walanguzi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini sembe yenyewe ikaadimika. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yalipanda bei, mashine na malori yakakosa vipuri. Tulipanga foleni alfajiri kwenye duka la ushirika, na mara nyingi tulichopata ni unga wa njano wa msaada kutoka Marekani. Watu waliuita yanga, kwa rangi yake, na sisi tunaoishi jirani na klabu ya mpira ya Yanga tulitaniwa sana shuleni. Wakati huo huo mjomba hakuruhusiwa kutuletea gunia la mahindi aliyoyalima mwenyewe. Kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali kulikuwa kosa, na vizuizi vilikuwa vingi barabarani. Alikuja na kifurushi kidogo chini ya kiti cha basi, akimpa mama kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari.

Mwaka 1984 mambo yakageuka. Ruzuku ya sembe ikaondolewa, kiwango cha kusafirisha kikapandishwa hadi kilo 500, vyama vya ushirika vikarudishwa kwa sheria iliyopitishwa miaka miwili kabla. Kufikia 1987 masharti ya kusafirisha nafaka ndani ya nchi yalikuwa yameondoka. Kwa Kariakoo yale yalikuwa mafuriko ya neema. Soko lile kubwa lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua, ndipo hasa lilipoanza kujaa. Malori yalishuka shimoni, yaani sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, usiku kucha: kabichi za Lushoto, viazi vya Njombe, vitunguu, nyanya. Mimi nilipata kazi ya ukarani kwa dalali mmoja wa nyanya huko huko shimoni, na nilidumu nayo miaka mingi.

Niseme jinsi mzigo ulivyouzwa, maana jambo lote limo humo. Mkulima au mfanyabiashara aliyenunua shambani alifika na matenga yake usiku. Hakuuza mwenyewe, hakuwajua wanunuzi, wala hakuruhusiwa na mazoea ya soko. Alimkabidhi dalali. Wakapatana bei ya tenga, na dalali akiuza zaidi ya hapo, ziada ile ilikuwa yake, inaitwa cha juu. Juu ya cha juu kulikuwa na ushuru, na makuli wa kushusha, na mlinzi, na tenga lenyewe. Nyanya haingoji. Bei ya saa kumi alfajiri siyo ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa sita mchana mwenye mzigo anakubali chochote. Tenga halikupimwa. Lilikuwa tenga tu, likiongezwa kichuguu cha nyanya juu na kufungwa kwa majani. Kwa viazi, vitunguu na mahindi kulikuwa na lumbesa: gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na bado linahesabiwa gunia moja. Mkulima aliuza gunia, mchuuzi wa rejareja aliuza kilo, na tofauti ya hayo mawili ilikuwa kubwa kuliko faida yote aliyobaki nayo aliyelima.

Wakati lumbesa ikikomaa, ruzuku ya mbolea ilikuwa ikifa. Ilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini, na katikati ya muongo huo ilikwisha kabisa. Kiwanda cha Tanga nacho kilikuwa kimekwisha kufungwa. Bei moja ya nchi nzima ilikuwa imekwenda na enzi ya NMC. Mjomba akajikuta ananunua mbolea kwa bei ya soko na kuuza mahindi kwa bei ya mwenye lori. Akapunguza mahindi, akaingia kwenye nyanya, kama walivyofanya wengi Ilula, kwa sababu nyanya zilileta fedha ndani ya msimu mmoja na barabara ilikuwa mlangoni.

Mara ya kwanza alipokuja na mzigo wake mwenyewe nilikuwa nimeshika daftari. Soko lilikuwa limejaa, malori yamepangana hadi Mtaa wa Nyamwezi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Bei ikoje?"

"Imelala, mjomba. Mzigo ni mwingi."

Alisimama kando ya matenga yake akitazama yanavyouzwa bila kutajiwa yanauzwa kiasi gani. Nilipomwonyesha hesabu, alisoma mstari kwa mstari: ushuru, makuli, nauli, matenga. Akauliza swali moja tu, kama hapa sokoni hakuna mizani. Ilikuwepo, ofisini.

Serikali ilirudi shambani taratibu. Mwaka 2003 ilianza kuchangia gharama ya kusafirisha mbolea. Kuanzia msimu wa 2008/09 zikaja vocha za pembejeo: karatasi zilizompa mkulima mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa mbolea ya kukuzia na mbegu bora za kutosha ekari moja, naye akilipia karibu nusu ya gharama. Mwaka 2009 ikatangazwa azma ya Kilimo Kwanza. Vocha zilikuwa za mahindi na mpunga tu. Mjomba, mzee tayari, alipanda tena ekari ya mahindi kwa vocha na akavuna vizuri. Alipokuja kwetu kutibiwa alisema, "Mpwa wangu, nashukuru kwa mahindi. Lakini watoto nimewasomesha kwa nyanya, na nyanya haina mwenyewe." Hakuiona ruzuku iliyofuata. Shamba amelirithi mwanawe.

Pamoja na pembejeo zilikuja hatua nyingine, na mojawapo sitaacha kuisifu: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nilikumbuka kile kifurushi chini ya kiti cha basi. Lakini mwaka huo huo mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi, na mkulima wa nyanda za juu, aliyekuwa na mavuno mazuri, aliona bei ikiporomoka. Sisi mjini tulikula kwa nafuu. Ni mtindo ule ule wa NMC, ukiwa umebaki na nusu moja: mlaji anakingwa, na safari hii aliyelipia kinga ni mkulima mwenyewe.

Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu liliungua. Walioumia hawakuwa madalali wa chakula peke yao. Pale ndipo palipokuwa na maduka mengi ya pembejeo, na mawakala wa mikoani walikuwa wakifuata hapo mbegu na viuatilifu. Mbegu ilitoka Kariakoo, nyanya ikarudi Kariakoo. Ujenzi wa upya ulianza mwaka uliofuata, kwa zaidi ya shilingi bilioni 28 za Serikali.

Mwaka huo wa 2022 ndio ulioleta badiliko kubwa zaidi nililoliona tangu utoto. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea duniani, mfuko mmoja wa kilo 50 ukavuka laki moja. Agosti 8, kwenye Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya: mfuko wa DAP au Urea kwa shilingi 70,000, kwa zao lolote, kwa mkulima yeyote aliyejiandikisha kijijini na kupewa namba kwenye simu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Mtoto wa mjomba alinipigia akiwa kwenye foleni ya wakala, analalamika kwamba foleni ni ndefu na wakala yuko mbali, lakini nilisikia sauti ya mtu ambaye hatapanda bila mbolea mwaka ule.

Ninaiunga mkono ruzuku ile kwa moyo wote. Ninachokidai ni kwamba isiishie shambani. Korosho na ufuta vinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mnadani, kwa kilo, mkulima akijua bei ya juu iliyotajwa. Mahindi yakipelekwa kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yanapanda kwenye mizani. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa kifungashio. Lakini nyanya, kabichi na viazi, vinavyokuzwa kwa mbolea ile ile iliyolipiwa na umma, vikishuka kwenye lori Dar es Salaam vinarudi kwenye tenga na kilemba, na sehemu ya bilioni zile inageuka cha juu kabla jua halijachomoza. Mizani jukwaani, mahali lori linaposhushia, na ubao wa bei ya jana kwa kilo: hivyo viwili havigharimu hata chembe ya fedha zinazotumika kwenye mbolea.

Msimu uliopita mtoto wa mjomba alilima ekari mbili za mahindi na moja ya nyanya, zote kwa mbolea ya ruzuku. Mahindi aliyauza kwa kilo. Nyanya aliziuza shambani, kwa tenga, kwa mtu aliyekuja na lori kutoka Dar, na jioni akanipigia kuniuliza Kariakoo zimeuzwaje.