Karatasi ya Mama Neema

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Ipsum ya mwaka 1998, rangi ya fedha, na dashibodi ilionyesha kilometa 312,000. Mwenye nalo, mtu wa Mbarara, alitaka shilingi milioni 9 na nusu. Sisi tulikuwa watu watatu hapa Nakivale: mimi, shemeji yangu, na jirani mmoja Mrundi. Tulikuwa tumekusanya milioni 9 na laki 8. Milioni 4 zilikuwa zangu, ila nikisema zangu nadanganya. Ni pesa ya mahindi ya misimu miwili, likilimba ya mke wangu, na cherehani yake ya pili ambayo aliiuza akiona nalala vibaya.

Shemeji alikuwa ameshachagua hata maneno ya kuandika kwenye kioo cha nyuma.

Mimi kule Uvira nilikuwa konvwayeri kwenye Hiace ya kwenda Bukavu, ile njia inayopanda Ngomo. Nilifungua mlango, nikaita abiria, nikapokea pesa. Jioni nilimkabidhi patron, naye alilalamika kila siku, nikamwona bahili. Sikuwahi kujiuliza zile pesa zilikwenda wapi. Nilidhani gari ni mlango unaotoa pesa.

Tulimlipa fundi mmoja elfu 30 aende kuliangalia pamoja nasi. Zile namba za kilometa hakuzitazama sana. Alisema namba zinarudishwa nyuma kama saa. Alitazama mpira wa pedali ya breki, ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa. Alifungua kifuniko cha oili, akanusa. Akamwambia shemeji akanyage mafuta, ukatoka moshi wa bluu kidogo. "Inakula oili," akasema. Barabarani, kila tukiingia shimo, mbele kushoto palilia ko-ko-ko. Bushi na boljointi. Mkanda wa taimingi hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, na kwa injini ile hubadilishwa kila kilometa laki moja hivi. Ukikatika, gari linazima palepale, hata kama ni saa mbili usiku katikati ya pori. Gia boksi ya otomatiki ilishtuka kidogo kutoka ya pili kwenda ya tatu. Juu ya hiyo fundi hakusema mengi, alituuliza tu kama tuna mtu wa kutununulia nyingine Kampala, kule Kisekka.

Shemeji alisikia "injini nzima". Mimi nilisikia yote, nikajifanya nimesikia injini nzima.

Usiku Mama Neema alichukua daftari la mtoto, akachana karatasi. Akaniuliza kama polisi. Abiria wangapi? Sita. Nauli? Elfu 10. Kwenda na kurudi Mbarara gari likijaa, laki 1 na elfu 20. Petroli lita 14, kwa elfu 5 lita moja, elfu 70. Chakula cha dereva na pesa ya stendi, elfu 10. Zinabaki elfu 40. Siku 20 kwa mwezi, laki 8.

Hapo nilitabasamu. Akasema ngoja.

Siku 20 ni kama kilometa 2,400. Oili na filta kila kilometa 5,000: kwa mwezi elfu 65. Oili ya kuongeza, kwa sababu linaila: elfu 60. Tairi nne za mtumba kwa njia yetu ya mawe zikikaa miezi sita ni bahati: elfu 100. Bushi, shoka na boljointi elfu 80, breki elfu 40. Jumla laki 3 na elfu 45, kila mwezi, gari likiwa zima. Zinabaki laki 4 na nusu kwa familia tatu.

"Na likirudi na watu watatu?" akauliza.

Hilo ndilo lilinikata. Tangu msaada wa chakula upunguzwe mwaka 2023 na watu kupangwa kwa makundi, wengi hawaendi tena Mbarara bila sababu ya ugonjwa au makaratasi. Likirudi na watatu, kwa siku zinabaki elfu 10. Siku 20 ni laki 2. Matengenezo ni yaleyale laki 3 na elfu 45. Na tukishalinunua tungebaki na laki 3 mkononi, wakati mkanda peke yake na pampu ya maji vilikuwa laki 3 na nusu.

"Baba Neema," akasema, "hii gari itatukula mbele ya sisi kuikula."

Nilitoa pesa yangu. Shemeji alikasirika, akasema dada yake ananitawala. Miezi miwili hatukusalimiana. Alitafuta mtu mwingine, wakalinunua.

Ningependa kuandika kwamba lilikufa wiki ya pili. Halikufa. Mara linalala gereji siku nne, mara linapita limejaa mpaka mlango unafungwa kwa kamba. Mwezi wa tano Neema alishikwa na malaria kali usiku, wakasema apelekwe Mbarara, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mwingine. Nilimpigia shemeji. Alifika kabla sijamaliza kufunga mlango wa nyumba. Njia nzima nilimshika mtoto mapajani nikisikiliza ko-ko-ko ya mbele kushoto, nikiomba mkanda ushike.

Kulipokucha, Neema akiwa na dripu, nilimpa shemeji pesa ya petroli. Akaikataa. Tulikaa ndani ya gari, kimya. Kisha akaniuliza kama dada yake bado anayo ile karatasi, maana gia boksi imeanza kuteleza, naye hajui kama atengeneze au auze.

Nikamwambia anayo. Aje jioni, tutaihesabu upya, safari hii na namba zake mwenyewe.