Raketi Niliyowaambia Mnunue, Msinunue

Wasee, kuna video yangu ya mwaka jana ambayo wengi wenu mliipenda. Nilikuwa nimeshika raketi nyeusi, mpya, inang'aa, nikasema: ukitaka kucheza kama mabingwa, shika wanachoshika mabingwa. Hiyo video nimeitoa. Leo nawaeleza kwa nini.

Wiki tatu zilizopita nilipata ujumbe kutoka Mombasa. Msichana wa miaka 15. "Kaka, nilinunuliwa raketi uliyosema, na nyuzi zikafungwa vile ulivyosema, pauni 58. Sasa kiwiko chaniuma hata nikiandika. Nifanyeje?" Babake alikopa pesa kwa chama ndiyo ainunue.

Niliweka simu chini. Kwa sababu mimi pia kiwiko kiliniuma, miezi mizima, na sikuwaambia.

Nilijifunza tenisi nikiokota mipira kwenye klabu moja hapa Nairobi. Raketi yangu ya kwanza niliitoa Gikomba kwa shilingi 1,500, mtumba, gripu imeisha kabisa. Nilicheza nayo miaka minne. Halafu video zikaanza kuleta kadoo kidogo, nikajiambia sasa nimefika. Nikanunua raketi ya shilingi 28,000, aina ya bingwa ninayempenda: gramu 315 kabla ya kufungwa nyuzi, kichwa cha inchi 97 za mraba, nyuzi za poliesta ngumu kama waya.

Kwa kamera ilikaa poa. Kwa korti ilikuwa stori nyingine. Seti ya kwanza niko sawa. Seti ya pili mkono unachelewa, mpira unagonga karibu na fremu, na kila ukigonga pale mshtuko unapanda mpaka kiwikoni. Baada ya miezi miwili sikuweza kuinua sufuria ya chai kwa mkono wa kulia. Na bado nilikuwa naisifu mtandaoni.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja anayefunga nyuzi za raketi. Aliichukua, akailaza juu ya kidole kimoja aone inaegemea wapi, kisha akaniuliza, "Kijana, hii ni yako ama ni ya mtu wa TV?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Huyo wa TV ana mtu wa kumkanda kila jioni. Wewe unaenda nyumbani na matatu."

Aliyonifundisha siku hiyo ndiyo ningewaambia tangu mwanzo.

Uzito kwanza. Raketi nzito haiyumbi mpira ukija kwa kasi, lakini lazima uweze kuizungusha mapema hata ukiwa umechoka. Kwa wengi wetu tunaocheza wikendi, gramu 280 hadi 300 zinatosha. Usiipime dukani dakika mbili ukipiga hewa. Omba ya rafiki, cheza seti mbili, usikie mkono unasema nini kwenye sevu za mwisho.

Kichwa nacho: kikubwa, kuanzia inchi 100, kinakusamehe ukikosa katikati. Kidogo kinakupa shabaha, bora ugonge katikati. Federer alicheza miaka mingi na inchi 90, lakini mwaka 2014 akahamia 97. Serena Williams alishinda mataji na inchi 104. Kama Federer aliweza kusema hii hainifai tena, wewe unaona aibu ya nini?

Nyuzi ndipo nilipokosea zaidi. Ukizikaza sana, mpira hauendi mbali, unapata kuuongoza, ila mkono unabeba mshtuko. Ukizilegeza, zinaurusha mpira zenyewe na mkono unapumzika. Sasa, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unapaa, ndiyo maana wengi wetu tunakaza. Mombasa hewa ni nzito na ina unyevu, mpira wenyewe unakuwa mzito. Mtoto wa Mombasa akikaza poliesta pauni 58 kwa sababu mimi nacheza Nairobi, kila mpira kwake ni kama kugonga ukuta. Hilo sikumwambia kwa sababu sikulijua. Nilitaja 58 kwa vile ilisikika ya kitaalamu.

Mwisho ni mpini. Shika raketi, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono ule mwingine katikati ya ncha za vidole na kiganja. Kikienea sawasawa, uko poa. Kisipopita, mpini ni mwembamba, na huo unaongezwa tu kwa kuzungushia gripu nyingine juu. Nafasi ikibaki kubwa, mpini ni mnene, na kuupunguza ni kazi. Kwa hivyo ukiwa na shaka, chukua mwembamba.

Mzee akaniambia nimletee ile ya Gikomba. Akaifunga nyuzi laini za nailoni, pauni 52. Gripu mpya. Halafu akabandika utepe wa risasi (metali, si ya bunduki) gramu 2 kushoto mwa kichwa na gramu 2 kulia, ili isijipinde nikigonga pembeni. Ukiushika huo utepe, nawa mikono, risasi ni sumu. Kila kitu kilinigharimu shilingi 3,800. Nilipumzika wiki sita, nikafanya mazoezi ya mkono niliyopewa hospitali, kisha nikarudi kortini na raketi ya mtumba. Siumwi.

Si ati ile ya 28,000 ni mbaya. Ni nzuri kwa mwenye mkono wake. Tena raketi ya bingwa unayoiona kwa TV mara nyingi si ile ya dukani. Imeongezwa uzito, mpini umechongwa upya, na wakati mwingine ni modeli ya zamani iliyopakwa rangi ya mpya. Kwa hivyo hata kuiga kwenyewe, hatuigi.

Nilimpigia babake yule msichana. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, ulilipwa kusema vile?"

Nikamwambia hapana, nilitaka watazamaji tu.

Akanyamaza kidogo. "Basi hilo ni baya zaidi."

Nimewarudishia pesa yao yote na raketi wameituma kwa basi. Msichana amepumzishwa, ameonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mpaka sasa hajaruhusiwa kugonga mpira. Akiruhusiwa, babake amesema wataazima kwanza kwa watu, wajaribu tatu au nne, kabla ya kutoa shilingi yoyote.

Mimi sasa niko na raketi mbili nyeusi ukutani na sichezi na hata moja. Kama ulinunua kwa sababu yangu na mkono unauma, acha kucheza leo, uende ukaonwe, halafu uniandikie.