Barua Zilizonitangulia Bandarini

Siku nilipomwambia mamaangu kwamba nimepata ubaharia kwenye mashua ya Wazungu, aliniuliza swali moja tu: "Nikikuandikia, niandike wapi?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa Agosti 1994, nami nina miaka 23. Mashua ilikuwa imetia nanga mbele ya Malindi, Unguja: ya chuma, futi 42, mlingoti mmoja, mali ya mzee wa Kiholanzi na mkewe waliokuwa wakirudi kwao baada ya miaka mingi ya kuzunguka dunia. Walitaka mtu wa tatu wa kushika zamu za usiku. Njia yao ilikuwa ya kusini: Mlango wa Msumbiji, Afrika Kusini, kisha kuivuka Atlantiki kwa St Helena na Ascension hadi visiwa vya Azores. Kwetu Mkokotoni hapakuwa na simu. Kama ni habari, ni kwa barua.

Yule mama wa Kiholanzi ndiye aliyenipa jibu la kumpelekea mamaangu. Alichana karatasi kwenye daftari akaniandikia mfano wa anwani: jina langu kwa herufi kubwa, la ukoo limepigiwa mstari ili karani asije akaiweka bahasha kwenye herufi isiyo yake, halafu jina la mashua, halafu maneno mawili ya Kifaransa, *poste restante*, na mwisho mji na nchi. Maneno hayo mawili posta za dunia nzima zinayajua. Maana yake ni kwamba mwenye barua hana nyumba hapo, ila atapita. Ishikwe hadi aje na pasipoti yake. Haishikwi milele, lakini. Posta nyingi huikalisha kiasi cha mwezi, kisha huirudisha ilikotoka.

Kazi ngumu, basi, ni kukisia. Anayekuandikia lazima ajue utakuwa wapi wiki sita zijazo, na wewe mwenyewe hujui. Tuliketi barazani, mimi, mama na mdogo wangu wa kike, tukaandika orodha ya bandari na miezi. Babu alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba akitusikiliza. Alikuwa nahodha wa jahazi zamani, akienda Lamu na Mombasa na kurudi, na mara kadhaa alivuka hadi Maskati. Tulipofika kwenye tarehe akasema, "Tarehe ni ya meli ya moshi. Ya tanga andikeni msimu."

Kisha akatusimulia alivyokuwa akibeba barua za watu. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya kasha lake kule tezini, pasipofikiwa na maji. Juu ya bahasha paliandikwa jina la mpelekewa na maneno "kwa mkono wa nahodha fulani". Barua ya namna hiyo, alisema, haachiwi mtoto mlangoni wala jirani. Unaitia mkononi mwa mwenyewe.

Tuliondoka Septemba, kusi likiwa limeanza kulegea. Sitaisimulia njia yote ya Msumbiji. Ilikuwa jua, tanga na kutapika. Ila pwani ya mashariki ya Afrika Kusini lazima niieleze, maana ndiyo iliyoharibu orodha yetu. Pale unapita mkondo wa Agulhas, unaoteremka kusini-magharibi kwa nguvu, sambamba na nchi kavu. Ukiwa ndani yake na upepo uko nyuma yako, unakwenda kama uliyebebwa. Lakini upepo ukigeuka ghafla ukavuma kutoka kusini-magharibi, ukakutana na maji uso kwa uso, bahari inasimama. Mawimbi yanakuwa mafupi, marefu kwenda juu, na nyuma ya kila wimbi kuna shimo. Meli kubwa za chuma zimevunjika pale. Kwa hiyo mwenye tanga hukaa bandarini akitazama kipimahewa, akingoja siku mbili za upepo mzuri, akimbilie bandari inayofuata, ajifiche tena. Sisi tulikaa bandari ya kwanza wiki tano, nusu kwa ajili ya hewa, nusu kwa kungoja kipuri cha injini.

Tulipofika bandari ya pili ilikuwa mwisho wa Novemba. Nikaenda posta na pasipoti yangu, Mtanzania katika nchi ambayo mwaka ule ule ndiyo kwanza imepiga kura ya watu wote. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alichomoa kifurushi cha herufi yangu, akazipitia bahasha moja moja, akarudia mara ya pili. Kisha akafungua daftari akanionesha: barua kutoka Tanzania, jina langu, iliingia katikati ya Oktoba, imerudishwa siku tisa zilizopita. Nilikaa kwenye ngazi za posta ile hadi ilipofungwa.

Siku chache baadaye tuliingia Mossel Bay, na hapo nilioneshwa mti. Mwaka 1501 Mreno mmoja, Pero de Ataíde, akirudi kutoka India na msafara uliopigwa na dhoruba, aliacha barua pale, kwenye mti karibu na chemchemi ambako mabaharia walichota maji. Wengine husema aliitia ndani ya kiatu, wengine chungu cha chuma. Mwaka ule ule João da Nova akapita akielekea India, akaikuta, na kwa barua hiyo akajua kwamba Calicut kumeharibika. Aliporudi, mwaka 1502, ndiye aliyekiona kisiwa cha St Helena, kisiwa kile kile tulichokuwa tukikiendea. Mti wenyewe bado uko, mpana, matawi yameinama hadi karibu na ardhi. Chini yake wameweka sanduku la posta lenye umbo la kiatu kikubwa, na barua inayotumbukizwa humo hugongwa muhuri wake wa peke yake. Nilisimama pale kwa uchungu wa kweli. Barua ya Mreno ilimngoja mtu asiyejulikana kama atakuja. Ya mama yangu ilikuwa na jina langu juu yake na haikuweza kuningoja. Nikanunua kadi, nikamwandikia: "Barua yako sikuipata, imerudi. Niandikie St Helena." Nikaitumbukiza kiatuni.

Cape Town niliona mawe. Karne ya 17, kabla hapajajengwa mji, meli zikitia nanga pale mabaharia walichonga kwenye jiwe jina la meli, la nahodha na siku waliyofika na kuondoka, wakafukia barua chini yake, zimefungwa kwa kitambaa kilichopakwa lami. Meli itakayofuata ikiwa inaelekea huko barua zinakokwenda, inazichukua. Mengi ya mawe hayo sasa yamo makumbusho. Niliyapapasa kwa macho tu, kwa kuwa kugusa hairuhusiwi, na nilimfikiria babu na kasha lake.

Kutoka Cape Town hadi St Helena ni kiasi cha maili 1,700 za bahari. Tulizimaliza kwa siku 16, na sijapata kuona safari laini kama ile. Upepo unatoka kusini-mashariki na haubadiliki. Unafungua tanga asubuhi, unalikuta jioni lilivyo, unalala na kuamka, liko vile vile. Kusi letu huchoka na kupumzika; ule hauchoki. Mwezi wa Ramadhani ulituandamia tukiwa njiani. Nilifuturu tende za Cape Town nikiwa nimeshika usukani, na hakuna nchi kavu upande wowote.

Kisiwa kilijitokeza alfajiri, cheusi, kimesimama wima kama ngome. Jamestown umebanwa kwenye korongo kati ya milima miwili, na ngazi 699 zinapanda upande mmoja hadi juu. Hapakuwa na uwanja wa ndege miaka ile. Kila kitu, mchele, dawa, misumari, barua, kililetwa na meli moja iitwayo RMS St Helena, na herufi hizo tatu za mbele zina maana kwamba ni meli ya posta ya kifalme. Haikuwa na gati la kufungia. Ilitia nanga nje kama sisi, na mizigo ikashushwa kwa matishari. Nilipofika posta niliambiwa kwa upole: meli inakuja keshokutwa, rudi siku ya pili baada ya hapo.

Katika siku zile za kungoja nilijua jambo ambalo skuli hawakutufundisha. Sayyid Khalid bin Barghash, ambaye Waingereza waliipiga kwa mizinga kasri yake Unguja mwaka 1896 hata saa moja haikutimia, aliletwa kisiwani humu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipomkamata. Baadaye wakampeleka Shelisheli, na akafia Mombasa mwaka 1927. Nilidhani mimi ndiye Mzanzibari wa kwanza kuyakanyaga mawe yale. Nilikuwa nimechelewa karibu miaka 80.

Meli ilikuja, na siku ya barua mji mzima ulikuwa mbele ya posta. Nilipewa bahasha moja, ya ndege, kingo za nyekundu na buluu. Mtu wa posta aliniambia nina bahati, kwa sababu barua nyingi za kisiwa hiki hupotelea kwanza Uingereza, kwenye mji uitwao St Helens. Ni kwa ajili hiyo kisiwa baadaye kilipewa msimbo wake, STHL 1ZZ.

Juu, anwani ilikuwa mkono wa mdogo wangu, herufi zimenyooka kama za daftari la skuli. Kwenye kona ya chini palikuwa na doa la mafuta, rangi ya chai. Nilipofungua, karafuu tatu zilinidondokea kiganjani. Mama alizitia ndani, zikapondwa njiani na mihuri ya nchi sijui ngapi, na mafuta yake yakapenya karatasi hadi nje. Barua yenyewe ilikuwa mkono wake. Mama hakupelekwa skuli. Alisoma chuo cha Kurani, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, bila kuacha nafasi ya pumzi. Nilikwenda kuketi kwenye ngazi, kama ya kumi hivi kutoka chini, nikaanza kuisoma polepole.

Salamu za mama huchukua nusu ukurasa. Sisi wazima, hofu ni kwako. Fulani anakusalimu, na fulani, na fulani. Vuli imenyesha vizuri. Paa la jiko limeezekwa upya. Kisha, katikati ya mstari, baada ya makuti na kabla ya bei ya unga: "na babu yako, kama nilivyokueleza katika barua ile, tumeshamsomea arubaini, watu walikuwa wengi, alhamdulillahi."

Niliusoma mstari ule mara nne. Alikuwa ameandika kabla ya kadi yangu ya Mossel Bay kumfikia. Alidhani najua. Hakunipa pole wala hakunieleza alikufaje, nami nikadhani hayo yalikuwa yameshasemwa katika barua ile. Watu waliendelea kupanda na kushuka ngazi, na bibi mmoja mwenye kikapu alisimama akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia babu yangu amefariki. Lini? Nikamwambia sijui, ila si chini ya siku arubaini.

Bibi yule hakuondoka. Alikaa ngazi ya chini yangu hadi nilipoweza kusema. Siku tuliyong'oa nanga alikuja gatini na bahasha. Mwanawe wa kiume alikuwa akifanya kazi Ascension, kama vijana wengi wa kisiwa kile, na meli ya posta haikuwa na zamu ya kwenda huko kwa wiki kadhaa. Sisi tungefika kwa siku sita au saba. Je, ningemchukulia? Niliifunga barua kwenye kitambaa, nikaitia kwenye sanduku langu, upande wa tezi.

Ascension mawimbi huingia Georgetown yakitokea mbali, na gati lake ni ngazi za mawe na kamba ya kudandia. Unangoja mashua ndogo inyanyuliwe, unashika kamba, unaruka. Niliruka na ile barua ikiwa kifuani chini ya shati. Kwenye duka waliniambia yuko zamu hadi jioni, nimwachie hapo watampa. Nikakataa. Nilingoja hadi jioni. Alikuja, akajifuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili, na hakuifungua mbele yangu. Usiku alituletea mashuani sahani ya kababu za samaki.

Horta, kwenye visiwa vya Azores, tulifika baada ya siku 34 za kupambana na upepo wa kaskazini-mashariki. Pale barua za wenye matanga hazingoji posta tu. Miaka mingi zimekuwa zikingoja pia kwenye mkahawa, Peter Café Sport, uliofunguliwa mwaka 1918. Mwenye mkahawa alinipa yangu bila kuulizia pasipoti. Mdogo wangu aliandika kwamba ile barua iliyorudishwa imefika nyumbani, na mama ameitia kwenye kasha bila kuifungua, kwa kuwa yeye si mwenyewe.

Nilirudi kwa ndege mwezi Juni. Mama aliitoa jioni ya siku ile ile. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na mihuri ya kwenda na ya kurudi imepandana. Nilimsomea kwa sauti, naye alisikiliza kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Babu hajisikii vizuri, iliandikwa, hali sana, lakini akili yake iko pale pale. Kila siku anauliza umefika wapi. Leo nimemwambia utakwenda kisiwa kinaitwa St Helena, naye amesema nikuulize, huko kunavuma upepo gani?

Nilinyamaza. Mama akaniambia, "Mjibu."

"Unatoka kusini-mashariki," nilisema. "Usiku na mchana. Haubadiliki."