Usukani mzito wa trakta ya koperative: nani alipe?

Katika bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, jimbo la Kivu Kusini, trakta moja ikisimama, hesabu za familia nyingi zinasimama nayo. Mvua za msimu A zinaanza mwezi wa tisa, na udongo ambao jua la kiangazi limeufanya mgumu kama tofali unataka kupasuliwa kwa wakati wake. Anayechelewa kulima anachelewa kupanda, na anayechelewa kupanda anajua mwenyewe atakachokuta shambani siku ya kuvuna.

Koperative moja ya wakulima wa mahindi na mihogo, kando ya barabara ya taifa nambari 5 kati ya Luvungi na Sange, imejifunza jambo hilo kwa uchungu. Trakta yao ni ndogo, ya nguvu za farasi zisizofika 30. Ilifanya kazi Japani kwanza, kisha ikauzwa huku ikiwa imetumika. Vibandiko vyake vyote ni vya Kijapani, na haikuja na kijitabu chochote. Wanachama walichanga miaka mitatu kuipata, na akina mama ndio waliotoa sehemu kubwa, franka kwa franka, kutoka soko la mihogo.

Mwanzoni mwa msimu, shofere wa trakta alianza kulalamika kwamba usukani umekuwa mzito. Ni kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na analipwa kwa eneo alilolima. Alisema asubuhi usukani unageuka vizuri, lakini baada ya saa moja au mbili za kazi unaanza kukamata na kuachia, na chini ya miguu yake kitu kinalia kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Jioni mabega yalikuwa yakimuuma hata kubeba bido la maji ikawa shida. Kamati ilimsikiliza na kumwambia avumilie, kwa sababu mvua ilikuwa karibu.

Siku ya nne, alipofika mwisho wa mstari, usukani ulikataa kugeuka kwa wakati. Gurudumu la mbele likaingia katika mfereji wa maji na kulaza kipande cha mpunga wa jirani. Hakuna aliyeumia. Lakini jirani alitaka mpunga wake, trakta ilibaki pale mpaka vijana walipoivuta kwa kamba, na jioni hiyo kamati ikakutana chini ya mwembe.

Mkutano ulikuwa mkali. Mtunza sanduku alikuwa amepigia simu garaji moja ya mjini, na kule waliamua bila kuiona trakta: pompe imekufa, inunuliwe nyingine kwa dola 350, usafiri haumo. Wengine wakasema kijana ndiye aliyeiua kwa kugeuza usukani kwa nguvu trakta ikiwa imesimama. Ikapendekezwa nusu ya bei ikatwe katika malipo yake mpaka deni liishe. Kwa mtu anayelipwa kwa eneo, hiyo ni kufanya kazi msimu mzima bila kupeleka kitu nyumbani. Kijana hakujibu. Mama prezida wa koperative ndiye aliyeomba siku mbili, ili mtu aiangalie trakta kabla ya pompe kununuliwa na kabla ya mtu kuhukumiwa.

Aliyeitwa ni fundi mzee ambaye vijana wote wa hapo wanamwita Papa Fundi. Maisha yake yote ametengeneza malori na mashine za kukoboa mpunga. Alifika kwa pikipiki akiwa na krike, funguo zake ndani ya mfuko wa unga, na kipande cha kartoni. Hakufungua kitu. Kwanza alimwita shofere, akamwomba aeleze tena yote, tangu asubuhi ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza kijana huyo maswali bila kumlaumu.

Ili kuelewa alichotafuta fundi, lazima kujua usukani wa namna hii unavyofanya kazi. Chini ya nguzo ya usukani kuna kifaa ambacho mafundi wanakiita orbitroli. Pompe inayozungushwa na injini inasukuma mafuta mpaka hapo. Ukigeuza kulia, orbitroli inapeleka mafuta upande mmoja wa verini, yaani lile bomba la chuma lenye fimbo ndani, lililo kwenye ekseli ya mbele. Ukigeuza kushoto, yanakwenda upande wa pili. Ni mafuta yanayosukuma magurudumu, mkono wa shofere unaonyesha njia tu. Kwa hiyo mafuta yakipungua, yakichafuka au yakiingiwa na hewa, mkono huo unabaki peke yake na uzito wote wa mbele.

Fundi alianza na mambo yasiyogharimu kitu. Alipima upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu tairi laini peke yake linaweza kufanya usukani uwe mzito. Akainua ekseli ya mbele kwa krike, akaweka magogo chini ili isianguke, injini ikiwa imezimwa. Akazungusha magurudumu kwa mkono, akitikisa kila kiungo. Hakuna kilichopinda, hakuna kilichokwama, isipokuwa viungo viwili vilivyokauka grisi. Akavipaka.

Kisha akauliza swali ambalo lilibadilisha kila kitu: mikono ya nyuma inayoinua jembe la diski, je, inapanda vizuri? Shofere alisema hapana, nayo siku hizi inapanda kwa kurukaruka. Katika trakta nyingi ndogo, mafuta ya usukani na ya mikono ya nyuma ni yale yale. Yanakaa ndani ya gamba la giaboksi, yanapita katika chujio moja, kisha kila kazi inapata sehemu yake ya pompe. Kama usukani peke yake ungekuwa mgonjwa, mtu angeshuku pompe yake, orbitroli au verini. Lakini kazi mbili zikiugua pamoja, ugonjwa hutafutwa kwanza mahali zinapokunywa pamoja, yaani kwenye mafuta, kwenye chujio, au kwenye mpira unaoyavuta kwenda kwenye pompe.

Akachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa chini ya alama. Akaomba trakta ifanye kazi nusu saa, kisha akapima tena, na mara hii kijiti kilitoka na povu. Povu ni hewa. Ingekuwa maji, mafuta yangegeuka meupe kama maziwa na kubaki hivyo. Hewa inapanda na kutoka usiku trakta ikipumzika, ndiyo maana kila asubuhi usukani ulikuwa mwepesi na kijana akaonekana mwongo. Sauti ile ya nzi nayo ilikuwa ya pompe inayonyonya hewa badala ya mafuta.

Hewa iliingia wapi? Watu walitafuta mahali panapovuja, hawakuona tone. Fundi aliwaeleza kwamba upande wa kuvuta hauna kawaida ya kutema mafuta nje, bali unavuta hewa ndani. Akapaka mafuta mazito kidogo kwenye kila kiungo cha mpira huo, injini ikizunguka polepole, akatega sikio. Kwenye kiungo kimoja sauti ilipungua mara moja. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka chini ya kikamatio chake, ambacho nacho kililegea.

Mwisho akafungua chujio. Lilikuwa limejaa tope jeusi na vumbi la chuma. Chujio likiziba, pompe inavuta kwa nguvu zaidi, na ikivuta kwa nguvu, kila tundu dogo kwenye mpira linageuka mlango. Mambo mawili madogo yalikuwa yamesaidiana.

Hapo wote wakanyamaza, kwa sababu daftari la matumizi lilikuwa mezani. Ndani yake mlikuwa mazoti ya kila juma, matairi, hata soda za wageni. Chujio halikuwemo hata mara moja tangu trakta inunuliwe. Shofere alikuwa ameliomba mara mbili, na mara mbili mtunza sanduku alijibu kwamba pesa zingoje, kwa nia safi ya kulinda sanduku la wanachama. Hakuna aliyeiba. Lakini aliyetaka kuokoa pesa kidogo alikaribia kutumia dola 350, na nusu yake ingetoka mfukoni mwa mtu aliyeonya.

Kazi ya kutengeneza ilichukua muda mfupi kuliko mabishano. Mafuta ya zamani yalimwagwa ndani ya mabido, si kwenye mfereji. Chujio jipya lilipatikana Uvira, fundi akalilinganisha na la zamani kwa upana na kwa meno ya kufungia. Mpira ulikatwa mpya na kukazwa kwa vikamatio viwili. Mafuta yalinunuliwa ya idroliki na giaboksi, si ya injini ambayo wengi wanajazia kwa sababu ndiyo yaliyo karibu.

Baada ya hapo hewa ilitolewa. Injini ikizunguka polepole, na magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa, usukani uligeuzwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, taratibu, bila kushikiliwa mwishoni, kwa sababu hapo mafuta yanapata moto na pompe inateseka. Kisha mafuta yakapimwa tena na kuongezwa.

Kile kipande cha kartoni kilikuwa na kazi yake. Fundi alikipitisha kando ya mipira ya upande wa nguvu kuona kama kuna uvujaji mwembamba. Aliwakataza vijana kutumia kidole. Mafuta yanayotoka kwa nguvu kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi, kidonda kikaonekana kama mchomo wa sindano, na mtu akapoteza mkono. Akipatwa na hilo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Aliona pia jasho la mafuta kwenye fimbo ya verini. Hakuficha: mipira ya ndani imezeeka na itabadilishwa msimu ukiisha. Pompe nayo imenyonya hewa siku nyingi, huenda umri wake umepungua. Lakini leo inafanya kazi, na usukani unageuka kwa mkono mmoja.

Makato ya kijana yalifutwa. Mama prezida alitaka jambo hilo lisemwe mbele ya wote, na mtunza sanduku mwenyewe ndiye aliyesimama kulisema, akimwita kijana “mdogo wangu”. Mpunga wa jirani ulilipwa na sanduku la koperative.

Kwa koperative nyingine zenye trakta kama hiyo, mambo ni machache: kupima mafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha, kuandika saa za kazi na siku ya kubadilisha chujio, na kuuliza kama mikono ya nyuma inaugua pia kabla ya kununua pompe. Hapo kati ya Luvungi na Sange wameongeza jambo moja ambalo halinunuliwi. Siku hizi kila mkutano wa kamati unaanza na habari ya mashine, na anayepewa neno kwanza ni shofere.